Chagua laptopu kwa vidole: mwongozo kwa anayechapa kutwa

Kazi yangu ni kuchapa. Nachapa kumbukumbu za mikutano ya vyama vya ushirika, tasnifu za wanafunzi, mikataba ya mashamba ya mikarafuu, barua za skuli, na mara moja moja hata wasia. Nakaa Chake Chake, lakini kazi hainisubiri nyumbani: leo Wete, kesho Mkoani, na kila baada ya miezi kadhaa nateremka botini pale Malindi, Unguja, mkoba begani. Wanaonijua huniuliza, "Dada, ninunue laptopu gani?" Kabla sijajibu wameshaendelea wenyewe: RAM ngapi, diski kiasi gani, mpya au mtumba. Kibodi haitajwi kabisa, nami hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza.

Sababu yangu ni hii. Diski hubadilishwa na fundi mwenye bisibisi kwa nusu saa. RAM, katika laptopu nyingi, huongezwa. Betri ikichoka hununuliwa nyingine. Lakini kibodi uliyonunua nayo ndiyo utakayoshinda nayo. Hata ikifa ukaweka mpya, itakuwa mpya ya aina ile ile, kwa kuwa tumbo la laptopu halipokei kibodi nyingine isiyokuwa yake.

Hili lilinigharimu. Laptopu yangu ya pili niliiagiza bila ya kuigusa. Kwenye picha ilikuwa nyembamba kama daftari, inapendeza. Ilipofika nikakuta vitufe vimebanana, na kitufe cha kuzimia kimewekwa ubavuni mwa kile cha kufutia herufi. Nikichapa haraka na kutaka kufuta herufi moja, kioo kinazimika usoni pangu. Mwisho wa mwezi kifundo cha mkono wa kulia kilikuwa kinaniuma mpaka nashindwa kukuna nazi. Nikampa mdogo wangu atazamie masomo yake, nikaanza upya kutafuta, na safari hii nikatafuta kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ndio huu.

Hatua ya 1: Jua unachapa kiasi gani, na umekaa wapi

Wiki moja kabla ya kutoa pesa, weka karatasi karibu na uandike kila siku: nimechapa kurasa ngapi, na nilikuwa nimekaa wapi. Mezani? Kwenye jamvi, laptopu juu ya paja? Ndani ya daladala? Botini? Ukumbini, watu hamsini wanazungumza na wewe ndiye katibu?

Ukigundua kwamba siku tano katika sita unakaa meza ile ile, huhitaji laptopu ndogo. Chukua yoyote iliyo nzima, inyanyue juu ya vitabu mpaka kioo kilingane na macho, kisha uchomeke kibodi ya nje ya USB. Kibodi ya nje ni kubwa, bei yake nafuu, na ikimwagikiwa chai hulii sana. Nasema hili mapema kwa sababu namjua mwalimu aliyejinyima miezi mingi ili anunue laptopu nyepesi kabisa, na tangu aipate haijawahi kutoka sebuleni.

Ikiwa unatembea nayo, endelea.

Hatua ya 2: Nenda dukani na karatasi moja ya A4

Karatasi ya A4 ina milimita 297 kwa 210. Iweke juu ya laptopu iliyofungwa. Laptopu ndogo inayofaa kuchapia hukaribiana sana na karatasi hiyo. ThinkPad X280 ya Lenovo, kwa mfano, ina milimita kama 308 kwa 210, yaani imeizidi A4 kwa upana wa kidole tu. Ikiwa karatasi inaning'inia pande zote mbili kwa vidole viwili au zaidi, ingia shaka: mtengenezaji amepata wapi nafasi ya vitufe vizima? Mwaka 2007 Asus walitoa Eee PC ya kioo cha inchi 7, haikufika hata kilo moja. Ilikuwa nafuu na watu waliipenda, lakini mtu mzima akiweka mikono yake miwili juu yake vidole vinakanyagana.

Kwa kioo, inchi 12.5 hadi 13.3 ndipo penye raha. Inchi 14 inakubalika ikiwa ni nyepesi kikweli. ThinkPad X1 Carbon ya mwaka 2018 ina kioo cha inchi 14 na uzito wa kilo 1.13 hivi. Inchi 11.6 inawezekana, ila uipime kibodi yake kwa ukali zaidi.

Uzito usiusome kwenye kijikaratasi cha duka. Pima mwenyewe, na upime pamoja na chaja, maana hutembei bila ya chaja. Mimi niliipeleka yangu kwa jirani anayeuza mchele, akaiweka mizanini. Kati ya kilo 1 na kilo 1.4 bega halilalamiki. Chaja ya zamani yenye tofali zito inaweza kukuongezea theluthi ya kilo, na hapo wepesi wote uliolipia umekwisha.

Halafu tizama umbo la kioo. Vioo vingi vya miaka ya nyuma ni vipana na vifupi, vizuri kwa filamu, vibaya kwa maandishi, kwani unaona mistari michache tu halafu unasogeza tena. Kioo kirefu kidogo, cha uwiano wa 16 kwa 10 au 3 kwa 2, kinakuonesha sehemu kubwa zaidi ya ukurasa. Ukivikuta viwili vya bei moja, chukua kirefu.

Na zile kompyuta bapa zinazosimama kwa mguu wa nyuma, kibodi yake ikiwa ni kifuniko laini? Mezani ni sawa. Juu ya paja zinayumba, na daladala ya Chake kwenda Konde ikipiga breki, kioo kinakwenda huku na kibodi kule. Kwa anayechapa safarini sizipendekezi.

Hatua ya 3: Pima kibodi, kwanza kwa rula, kisha kwa ncha za vidole

Hapa usiwe na haraka.

Chukua rula ya mwanafunzi. Pima kuanzia ukingo wa kushoto wa kitufe cha Q hadi ukingo wa kulia wa P. Hivyo ni vitufe kumi, na kwenye kibodi kamili umbali kutoka katikati ya kitufe hadi katikati ya jirani yake ni milimita 19 hivi. Kwa hiyo rula ikuoneshe karibu sentimita 19, pungufu kidogo. Ikisema 18, mtu mwenye mikono midogo atazoea. Ikisema 17, rudisha mashine kabatini.

Pili ni kina, yaani kitufe kinazama kiasi gani. Laptopu nzuri za kuchapia zinazama karibu milimita moja na nusu au zaidi. ThinkPad za miaka ile ya 2016 hadi 2018 zinafika kama milimita 1.8. MacBook Air za leo zinazama karibu milimita 1, na watu wengi wanachapa juu yake bila ya shida. Lakini zipo MacBook za kuogopwa, nitazitaja mbele, ambazo vitufe vyake vilizama karibu nusu milimita tu. Ukichapa kutwa juu ya kitu kama hicho ni kama kugonga mbao kwa ncha za vidole.

Kina peke yake hakitoshi. Bonyeza kitufe polepole mno, polepole kuliko unavyochapa. Kibodi nzuri inakupa ukaidi mdogo juu, halafu inakubali mara moja, halafu inakurudisha. Hapo kidole kinajua kwamba herufi imeingia, wala jicho halina haja ya kuhakikisha. Kibodi mbovu inazama kama unga uliochachuka, hujui imekubali wapi, basi unabonyeza kwa nguvu zaidi ili kuhakikisha. Ndiyo nguvu hiyo inayoumiza mikono baada ya kurasa ishirini.

Sasa bonyeza katikati, baina ya G na H, kwa kidole gumba. Bamba zima likibonyea chini, jua kwamba chini yake ni plastiki nyembamba, na kila pigo lako litapotea humo.

Tizama na mahali pa kupumzishia viganja. Pawepo nafasi ya kutosha mbele ya kibodi, na ukingo usiwe mkali. Zipo laptopu za bati zenye ukingo unaokata. Baada ya saa moja unabaki na mstari mwekundu kwenye vifundo.

Vitufe vya mishale usivisahau, kwani anayesahihisha maandishi anavitumia kuliko anavyodhani. Vikiwa vimefinywa nusu kwa nusu, vipapase ukiwa umefumba macho uone kama vidole vinavitambua. Kitufe cha Shifti cha kulia kisiwe kimekatwa kupisha mshale. Cha kuzimia kisiwe jirani na cha kufutia, sababu nimeshaieleza.

Taa chini ya vitufe? Kwa sisi wa huku, ambao umeme ukikatika bado kazi inangojewa asubuhi, taa ile si pambo. Inakula betri kidogo, lakini inakuokoa kushika tochi kwa meno.

Hatua ya 4: Soma herufi zilizoandikwa, na utafute king'ong'o

Laptopu za mtumba zinazofika Darajani, Kariakoo au hapa Chake zinatoka kote duniani, na kila nchi ina mpango wake wa herufi. Muuzaji atakwambia "utazoea". Usikubali kabla hujajua unatakiwa uzoee nini.

Za Ujerumani zimebadilishana Z na Y. Chapa "Zanzibar yetu" kwa mazoea yako uone: inatoka "Yanyibar zetu". Za Ufaransa zina A mahali pa Q, na M imehamia pembeni mwa L. Kiswahili chetu kimejaa herufi A; hakuna sentensi isiyokuwa nayo. Hebu fikiria A hiyo imehamishwa.

Kisha kuna kile kialama cha king'ong'o, kilicho ndani ya ng'ombe, ng'ambo, kung'oa. Sisi tunakihitaji kila aya. Kwenye mpango wa Marekani na wa Uingereza kipo karibu na Enta, chini ya kidole kidogo cha kulia, na hakihitaji Shifti. Kwenye mpango wa Ujerumani lazima ushike Shifti. Kwenye wa Ufaransa kimepanda juu, kwenye kitufe cha 4. Ukichapa kurasa kumi kwa siku, tofauti hiyo utaisikia mkononi.

Baina ya Marekani na Uingereza mimi sina ugomvi. Ya Uingereza ina Enta ndefu ya kusimama na Shifti ya kushoto fupi, na kitufe kimoja cha ziada pembeni mwake. Ya Marekani ina Enta ya kulala na Shifti ndefu. Chagua uliyojifunzia. Zile zinazopitia Dubai mara nyingi zina mpango wa Marekani pamoja na herufi za Kiarabu zilizochapwa juu ya vitufe. Hizo ni bora sana kwa ustadhi wa madrasa anayeandaa masomo kwa hati mbili, na kwa asiyeandika Kiarabu hazina madhara yoyote.

Ikiwa unachapa bila ya kutazama vitufe, unaweza kuinunua ya Ujerumani kwa bei ya chini na kuiambia kompyuta ijifanye ya Marekani. Herufi zitatoka sawa hata kama maandishi ya juu yanasema vingine. Anayetazama vitufe, tafadhali asithubutu.

Hatua ya 5: Omba kiti, ukae, uchape ukurasa mzima

Watu huona haya. Wanasimama mbele ya kaunta, wanagonga vitufe vitatu kwa kidole kimoja, wanasema nzuri. Huwezi kuijua kibodi ukiwa umesimama. Mara ya mwisho nilipomnunulia mpwa wangu anayesoma Tunguu, tulifanya hivi:

"Kaka, naomba kiti na dakika kumi."

"Dada, mashine haina tatizo hii. Tizama kioo chake kinavyong'aa."

"Kioo nimekiona, ahsante. Sasa mwanangu anataka kuijua kwa vidole."

Akaleta kigoda. Mpwa wangu akaiweka juu ya paja, kama atakavyoitumia, akachapa maneno niliyomwandikia kwenye karatasi:

Zeyana na Yussuf waliwapeleka ng'ombe saba Ziwani, wakang'oa mihogo, wakang'ang'ania kamba mpaka jua likazama. Mzee Makame akawangojea ng'ambo ya pili.

Maneno hayo yana kazi. Z na Y zinakwambia mpango wa herufi. Vile vialama vya king'ong'o vinakipima kidole kidogo. A imejaa tele, na A ni miongoni mwa zinazochoka mapema kwenye mtumba uliotumiwa sana. Mkato na nukta zinapima kama kidole kinafika kulia bila ya kunyosha kiganja.

Yachape mara kumi. Usisahihishe makosa, yaache. Kisha soma ulichoandika. Herufi ile ile ikikosekana kila mara, kitufe chake kina ugonjwa. Herufi ile ile ikijirudia mara mbili mbili, vilevile. Makosa yakitapakaa ovyo, mara hapa mara pale, ni ugeni wa vidole tu, na ukurasa wa pili utakuwa bora kuliko wa kwanza. Ukurasa wa pili usipokuwa bora, jaribu mashine nyingine.

Bonyeza kitufe kirefu cha nafasi kwenye ncha zake zote mbili, si katikati tu. Na usikilize. Mimi huandika kumbukumbu mkutanoni, na kibodi inayopiga kelele kama mvua juu ya bati inawafanya wazee wanyamaze na kunitazama. Ya sauti ndogo ni adabu.

Muuzaji akikataa kukupa kiti na dakika kumi, mshukuru uondoke. Duka la pili haliko mbali.

Hatua ya 6: Majina ya kuanzia

Kwa fedha ya wengi wetu, laptopu ndogo nzuri ya mtumba iliyokuwa ya ofisini inaishinda mpya ya bei rahisi. Zilitengenezwa kwa ajili ya watu wanaochapa, na nyingi zina mifereji ya kupitishia maji chini ya kibodi.

ThinkPad za herufi X ndizo ninazozipenda: X260 ya mwaka 2016, X270 ya 2017, X280 ya 2018, zote za inchi 12.5. Ndani ya X270 RAM inabadilika, na betri ya nyuma inatoka kwa mkono. X280 ni nyepesi zaidi, lakini RAM yake imechomelewa, basi nunua yenye GB 8 tangu mwanzo. HP EliteBook 820 G3 na 830 G5 ni laini kwa vidole, na Dell Latitude 7280 na 7290 ni imara. Kwa mwenye uwezo zaidi, MacBook Air ya M1 iliyotoka mwishoni mwa 2020 ina kilo 1.29 na haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi ndani.

Za kuogopwa nilizoahidi ni hizi: MacBook ya inchi 12 ya 2015 hadi 2017, MacBook Pro za 2016 hadi 2019 isipokuwa ile ya inchi 16, na MacBook Air za 2018 na 2019. Chembe ya mchanga ikiingia chini ya kitufe, kinaganda au kinaandika mara mbili. Apple wenyewe walifungua mpango wa kuzitengeneza bure mwaka 2018, lakini ulihesabu miaka minne tangu kuuzwa mara ya kwanza, na muda huo umepita. Unakaa kisiwani, mchanga unao mpaka kitandani. Ziache. Kujua mwaka wake, bonyeza alama ya tufaha juu kushoto na usome maelezo ya mashine.

Jambo jingine la tarehe: Windows 10 iliacha kupata masahihisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka, kwa prosesa (ubongo wa mashine) za Intel, kizazi cha nane na kuendelea. Soma jina la prosesa kwenye mipangilio: i5-8250U ni kizazi cha nane, i5-7200U ni cha saba, tarakimu baada ya kistari ndiyo inayosema. X270 basi haimo katika orodha ya Windows 11, ila inakwenda vizuri kwa Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, inachapa barua ileile. Ikiwa ofisi yako inalazimisha Windows, tafuta X280, 830 G5 au 7290 yenye prosesa ya kizazi cha nane, maana baadhi yao zilitoka na ya saba.

Hatua ya 7: Fikiria siku umeme umekatika

Umeme wetu unapita chini ya bahari. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Pemba tuliunganishwa na Tanga kwa waya wa baharini mwaka 2010. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea majenereta. Sasa hali ni bora kwa mbali, lakini katikati ya masika upepo ukiangusha mnazi juu ya nyaya za shehia yako, betri ndiyo inayoamua kama tasnifu ya mtu itafika kwa wakati.

Dukani, kama ni Windows, fungua dirisha la amri (Command Prompt) na uandike powercfg /batteryreport. Inatoka ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo betri iliyozaliwa nao na uwezo ilionao leo. Ikiwa ya leo imeshuka chini ya nusu, punguziwa bei au ubadilishiwe betri. Halafu ichomoe chaja wakati unafanya lile jaribio la kuchapa. Dakika kumi zikila asilimia kumi na tano, ripoti yenyewe huihitaji tena.

Faida kubwa ya X260 na X270 ni kwamba zina betri mbili, moja ndani na moja ya nyuma. Ya nyuma ikiisha unaichomoa, unaweka nyingine, na mashine haizimiki. Mimi hutembea na ya akiba ndani ya mkoba, nimeifunga kwa kitambaa cha kanga.

Laptopu inayochajiwa kwa tundu la USB-C ina faida nyingine: chaja moja inatumika kwa simu na laptopu, na ikipotea unaipata nyingine kirahisi. Hakikisha chaja ina nguvu ya kutosha, wati 45 au zaidi, maana ya simu peke yake hailishi laptopu. Plagi iwe ya meno matatu ya mraba, ya huku kwetu. Ile ya meno mawili ya mviringo juu ya adapta iliyolegea hutoa cheche.

Hatua ya 8: Kagua kama fundi

Kwa haraka: fungua na ufunge kioo mara kadhaa, bawaba zisilie wala zisiachie. Chomeka fleshi kwenye kila tundu. Tizama ndani ya matundu kwa tochi ya simu. Ukiona ukijani au ungaunga mweupe, hiyo ni kutu iliyoletwa na unyevu au chumvi ya bahari, na kama imefika hapo imefika na ndani. Vitufe vinavyong'aa kwa mafuta vinakwambia miaka ya kazi.

Kisha izime na uiwashe upya huku ukibonyeza F1 kwa ThinkPad, F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Ukurasa wa ndani wa mipangilio ya mashine (BIOS) ufunguke bila ya kudai neno la siri. Ukidai, mashine ilikuwa ya kampuni na haijafunguliwa, usiinunue hata kwa nusu bei. Kwa MacBook, mwenye nayo wa zamani aondoe akaunti yake mbele ya macho yako.

Mwisho wa ukaguzi, omba risiti yenye namba ya mashine na siku za kurudisha zilizoandikwa kwa kalamu. Siku saba ni haki.

Hatua ya 9: Siku saba hizo zitumie

Usiiweke kabatini kusubiri Jumatatu. Ikifika nyumbani, jambo la kwanza ni mpango wa herufi kwenye mipangilio. Kama kibodi yako ni ya Marekani, chagua Marekani ya kawaida, si ile ya kimataifa. Kwenye ya kimataifa kile kialama kikifuatwa na vokali vinaungana: unachapa ng'ombe, inatoka ngómbe, unachapa akang'ung'unika, inatoka akangúngúnika. Niliwahi kupokea tasnifu nzima ya kilimo imejaa ngómbe za namna hiyo, na mwenyewe alidhani kibodi imeharibika. Ilikuwa ni mpangilio tu.

Kwenye ThinkPad hizi kitufe cha Fn kimekaa pembeni kabisa, mahali ulipozoea Ctrl. Ukikereka, ule ukurasa wa F1 una pahala pa kuvibadilisha. Zima pia usahihishaji wa Kiingereza katika programu ya kuandikia, usije ukapigana nayo kila neno.

Hewa yetu ina unyevu na chumvi mwaka mzima, zaidi wakati wa masika. Usiku ilaze ndani ya mkoba uliofungwa, mbali na dirisha la upande wa bahari, pamoja na vile vipakiti vidogo vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Wakati wa karafuu kuanikwa usichape jirani na majamvi. Vumbi la makonyo linaingia kila mahali. Kila Ijumaa mimi huipindua, naitikisa taratibu, napitisha brashi laini ya rangi baina ya vitufe.

Chapa kazi yako ya kweli kila siku ndani ya wiki hiyo, angalau kurasa tano kwa kikao kimoja. Siku ya kwanza na ya pili vidole vitapotea, ni kawaida. Siku ya nne visipotee tena. Ikiwa siku ya tano bado kifundo kinauma, au kidole kidogo bado kinatafuta king'ong'o, chukua risiti yako na uirudishe kabla siku ya saba haijaingia.